Stesheni wagoni zinapotea Tanga, na familia nyingi ndizo zingefaidika nazo

#1 Mshale wa Usagara

Wakuu, salaam aleikum, na wengine habari za mchana.

Kaa kituo cha Kange jioni uangalie gari binafsi zinazoingia mjini kutoka Segera. Noah, IST, RAV4, Harrier, Vanguard, Crown. Za wagoni, Fielder inapita moja moja. Caldina imekuwa nadra kabisa. Probox zipo tele, lakini karibu zote zimebeba abiria au mzigo wa biashara. Probox ya baba anayempeleka mtoto shule hupati.

Naleta uzi huu kwa sababu ndugu na jamaa wakitaka gari ya familia huwa wananiuliza, na siku hizi jina la kwanza mdomoni ni gari ya juu, kama RAV4 au Harrier. Sasa muulize: mkuu, unabeba nini? Anakutajia vitu ambavyo stesheni wagoni ilitengenezwa ivibebe. Jumapili anakwenda Muheza kwa wazee, anarudi na viroba vya machungwa, mkungu wa ndizi na bibi anayekuja kliniki Bombo. Kukiwa na maulidi au harusi, anabeba masufuria ya pilau, mikeka, ndoo na mtungi wa gesi. Watoto wawili watatu. Basi. Hakuna mto wa kuvuka hapo.

Tuelewane kwanza ni gari gani tunayoizungumzia. Ni gari ya saluni ya kawaida ambayo paa lake halikukatwa baada ya siti ya nyuma, limeendelea hadi mwisho likafungwa kwa mlango unaofunguka juu. Chini yake ni gari ileile. Fielder ni Corolla, na ile ya cc 1500 ya kuanzia mwaka 2000 ina injini ya 1NZ-FE, hiyohiyo iliyomo kwenye IST, Probox, Raum, Spacio na Ractis. Spea zake Tanga hazikusumbui. Kwa urefu kidogo wa gari umepata chumba kizima.

Faida ambayo watu hawaihesabu ni kimo cha buti. Kiroba cha machungwa unakiinua hadi usawa wa goti, unakisukuma ndani. Kwenye gari ya juu kiroba hichohicho lazima ukifikishe kiunoni, na mke wako naye siku haupo atakifikisha kiunoni. Vivyo hivyo mzee mwenye maumivu ya goti: kwenye wagoni anageuka, anakaa, anaingiza miguu. Kwenye gari ya juu anapanda. Nimemwona mama yangu mzazi akisita mbele ya mlango wa gari ya juu ya mtu, ameshika nguzo, anatafuta pa kuweka mguu, na watu wazima tumemzunguka tunamsukuma. Hilo jambo liliniuma, na tangu siku hiyo kimo cha siti nakiangalia kabla ya rangi.

Halafu mgonjwa. Laza siti za nyuma, tandika godoro, mtu analala amenyooka. Vijiji vyetu vingi ambulensi haifiki kwa wakati, na gari ya kumlaza mtu kijiji kizima huwa kinajua iko kwa nani.

Barabarani pia. Uzito wake uko chini. Ule mlima wa Mombo kwenda Lushoto, kona baada ya kona kwa kilomita thelathini na kitu, utaujua ubora wa gari iliyokaa chini: haiyumbi, watoto hawatapiki. Na upepo. Upinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa mwendo, yaani ukitoka 50 hadi 100 umeuzidisha mara nne. Gari ndefu iliyo chini inapasua hewa kidogo kuliko iliyosimama. Safari ya Dar hiyo tofauti iko kwenye mafuta.

Sasa kwa nini zinapotea? Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu wengi wanasema "zimepitwa na wakati" kana kwamba kuna aliyezijaribu akaona hazifai.

Marekani ndiko zilikokuwa gari ya kila familia. Ford Country Squire ilitengenezwa tangu 1950 hadi 1991. Likaja tatizo la mafuta la 1973, na mwaka 1975 Bunge lao likapitisha sheria ya kubana matumizi ya mafuta ya gari mpya. Gari za abiria zikawekewa kiwango kikali, malori madogo yakawekewa kiwango chepesi. Stesheni wagoni ikahesabiwa gari ya abiria. Mwishoni mwa 1983 Chrysler ikatoa Dodge Caravan na Plymouth Voyager, vibasi vya familia vilivyohesabiwa upande wa malori madogo. Halafu Jeep Cherokee ya 1984, halafu Ford Explorer ya 1990, nazo upande huohuo. Kampuni ikiuza gari kubwa upande wa malori inapumua, ikiuza wagoni kubwa inabanwa. Wewe ungekuwa mwenye kiwanda ungetengeneza ipi? Mwaka 1996 General Motors waliacha Buick Roadmaster na Chevrolet Caprice za wagoni, na kile kiwanda cha Arlington, Texas, kilichokuwa kikiziunganisha kikageuzwa kuunganisha gari kubwa za juu.

Pamoja na sheria kulikuwa na mambo ya watoto kukataa gari za wazazi wao. Aliyekulia siti ya nyuma ya wagoni hakutaka akikua aonekane ndani yake.

Japani, ambako gari zetu ndiko zinakotoka, ilikuwa miaka ya baadaye. Subaru Legacy ya wagoni ilianza 1989 ikawika sana miaka ya 90, kila kampuni ikaiga. Kisha familia zikahamia kwenye gari za milango ya kuburuza. Caldina na Mark II Blit zikaishia 2007. Legacy ya wagoni ikaacha kuuzwa huko 2014. Nissan Wingroad 2018. Tunachopata sisi yadini ni kile walichonunua wao miaka kumi na kitu iliyopita, kwa hiyo uchache wao leo ndio uchache wetu wa kesho.

Wajerumani bado wanazipenda. Passat ya sasa, iliyotangazwa 2023, Ulaya inauzwa kwa umbo la wagoni tu, saluni wameiondoa. Watu wenye barabara zisizo na kikomo cha mwendo hawajaona haja ya kupanda juu.

Hoja yangu ni hii: hapa kwetu tumerithi mitindo ya watu walioacha gari hizi kwa sababu zao, na sisi sababu zile hatuna. Wenye wagoni na wenye Noah, karibuni.

#2 babaMunira

Mkuu Mshale, uzi umeandika vizuri lakini mimi nitakupinga, mimi mtu wa Noah.

Nina watoto wanne, mama mkwe tunaishi naye, na binti wa kazi. Fielder ina siti tano. Nani abaki nyumbani? Au niwapakate kama tulivyozoea, breki moja mtoto yuko kwenye kioo? Noah kila mtu ana siti na mkanda wake. Familia zetu za pwani si za watoto wawili, tuseme ukweli.

Pili, mlango wa kuburuza. Mimi nakaa Ngamiani, zile barabara za namba unazijua, ukipaki ukutani hufungui mlango wa kawaida bila kugonga baiskeli ya mtu. Noah nafungua kwenye upenyo.

Tatu, ukitaka kuuza. Noah ukitangaza asubuhi, jioni dalali amekuja na mtu. Hiyo Caldina yako utakaa nayo.

#3 Mshale wa Usagara

@babaMunira, kwa watu wanane Noah ni haki yako na sina la kuongeza. Ninaowalenga ni wenye watu wanne au watano ndani ya gari, na hao ndio naona wananunua RAV4 na Harrier, ambazo nazo ni siti tano tu. Noah umeinunua kwa hesabu ya watu. Wao wamenunua kimo.

Kuuza nakubaliana nawe upande mmoja. Ugeuze upande wa pili: gari isiyokimbiliwa na madalali, mnunuzi ndiye anayepata nafuu. Anayenunua akae nayo miaka hana cha kupoteza.

#4 Mzee Kipande

Vijana, nawasoma tangu asubuhi.

Mimi nimekulia shamba la mkonge njia ya Korogwe. Marehemu baba alikuwa dereva hapo, na gari aliyoiendesha miaka mingi ilikuwa Peugeot 504 ya stesheni wagoni. Nataka niwaambie jambo ambalo naona limesahaulika, kwamba gari hizi zilishawahi kutawala barabara mbovu kuliko hizi mnazolalamikia.

Ile 504 ya wagoni haikuwa saluni iliyoongezwa paa. Chasisi yake waliirefusha, na nyuma kila upande waliweka springi mbili za mviringo, jumla nne, juu ya ekseli nzima. Ndiyo maana ilibeba. Ile waliyoiita Familiale ilikuwa na safu tatu za siti, zote zinaangalia mbele, watu na dereva wao ndani na mizigo juu ya keria. Katani, vyombo vya wagonjwa, walimu wakihama, wote walipita humo. Masika ilipita kwenye matope mekundu ambayo leo mtu anaogopa kuingiza gari ya kuendesha magurudumu manne. Dereva alijua njia, akaenda taratibu.

Na msidhani Peugeot ilipata jina kwa matangazo. Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland wa hapahapa Tanzania kwa Peugeot 404. Mwaka 1975 na 1978 zikashinda 504. Barabara zilikuwa zetu hizihizi, na Tanzania ilikuwa ndani ya ratiba miaka hiyo ya mwanzo. Mtoto wa shule aliyeona magari yale yakipita kwa vumbi hakuhitaji kuuliza gari gani ni imara.

Zilipoacha kutengenezwa Ufaransa, Kenya na Nigeria waliendelea kuziunganisha miaka mingine mingi. Kwetu zilikufa kwa spea. Mlango wa soko ulipofunguka gari za Japani zikaingia kwa wingi, fundi akajifunza Toyota, mtoto wa fundi naye akajifunza Toyota. Gari isiyo na fundi haidumu hata ikiwa ya chuma cha pua.

@babaMunira mwanangu, hao watu wako wanane baba yangu angewaweka wote.

#5 babaMunira

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwenye safu tatu umenimaliza. Wangekuwa wanatengeneza hizo mpaka leo ningeuza Noah kesho.

#6 Bi Raskazone

Habari zenu. Naandika kama mama mwenye Fielder, mimi ndiye ninayeiendesha, si mume.

Mengi ya mleta uzi ni kweli, hasa hilo la kimo cha buti, mimi mfupi. Ila wanaume mmesahau mambo mawili matatu.

Harufu. Wagoni haina ukuta kati ya buti na watu. Ukitoka Deep Sea na samaki, samaki mnasafiri nao pamoja, na wakivuja maji ule uvundo unaingia kwenye zulia la gari hautoki. Mimi nina beseni kubwa la plastiki lenye mfuniko, halitoki kwenye gari. Kila mwenye wagoni huku pwani awe nalo.

Macho ya watu. Saluni ukifunga buti hakuna anayejua umebeba nini. Wagoni ni vioo pande zote. Kuna lile pazia la kuvuta linalofunika mzigo. Gari nyingi zikija kutoka yadi halipo, mtu ameshalinyofoa. Ulizia kabla hujalipa, maana kulipata peke yake ni shida.

La tatu ni usalama, na hili naliomba kwa nguvu zote. Mtungi wa gesi au kiroba kilichosimama nyuma, ukifunga breki ya ghafla kinaruka mbele kwenye vichwa vya watoto. Mzigo usizidi mgongo wa siti. Mzito ulale chini kabisa, ukiegemea siti. Kuna vipete sakafuni vya kufungia kamba, vitumieni! Watoto wangu wanakaa pale mbele ya ule mzigo.

Na kuhusu dharau, ipo. Wifi yangu aliniuliza mbona nimenunua "teksi". Probox zimewafanya watu waone kila wagoni ni ya biashara. Sikumjibu siku ile, lakini jokofu lake lilipoharibika, Fielder ndiyo iliyolipeleka kwa fundi, limelazwa kwa ubavu, mlango umefungwa kabisa.

#7 Fundi Duga

Naongezea upande wa gereji.

Tanga ni chumvi. Gari inayolala karibu na bahari inaliwa polepole, na wagoni ina sehemu zake: bawaba za mlango wa nyuma, ukingo wa chini wa mlango huo ambako maji yanatuama, na sakafu chini ya tairi la akiba. Mpira wa mlango ukichakaa maji ya mvua yanashuka hadi kwenye tairi la akiba na mwenye gari hajui. Inua zulia uangalie. Tena gari za kuendesha magurudumu manne kutoka Japani nyingi zimetumika kwenye mikoa ya theluji, kule wanamwaga chumvi barabarani. Kwa hiyo inaweza kufika Tanga ikiwa imeshaanza kuoza chini. Ipandishe juu, upige tochi.

Zile bomba za gesi zinazoshikilia mlango wa nyuma zikiisha nguvu mlango unakushukia kichwani. Si spea ya gharama, badilisha zote mbili pamoja.

Injini: 1NZ-FE ina cheni, haina mkanda wa kubadilisha kila mara. Mwage oili kwa wakati, itakutunza. Caldina za mwisho zile za cc 2000 nyingi zina mfumo wa D4, wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hizo kama huna fundi anayeijua D4 ziache. Ile ya cc 1800 haina D4, ila chunguza kama inakula oili. Subaru Legacy ni gari tamu sana, lakini silinda za injini yake zimelala kwa ubavu, kazi ya gasketi pale ni kushusha injini, na Tanga mafundi wake tunahesabika.

Fielder za kuanzia 2006 nyingi gia zake ni CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na hatua. Inataka oili yake ya CVT. Mtu akikuwekea hydraulic ya kawaida kwa kuwa "zote nyekundu", umeua giaboksi.

Springi za nyuma: watu wanabeba saruji humo. Probox imetengenezwa kwa kazi, kiwandani wameiandikia kilo 400 watu wakiwa wawili. Fielder ni gari ya familia. Usizifananishe.

#8 kijana_wa_Kange

Wakuu shikamooni kwa wanaostahili. Fundi asante, nimehifadhi ujumbe wako.

Mimi ndiyo nataka kununua gari ya kwanza. Mke, mtoto mmoja, mwingine yuko njiani inshallah. Nilikuwa naangalia IST. Kazini kwangu nafika hadi Pangani, na ukweni ni Amani. Hizi gari si zitagusa chini? Na ushuru wake je?

#9 Mshale wa Usagara

Hongera kijana, Mungu amjaalie shemeji ajifungue salama.

Njia ya Muheza kwenda Amani sikudanganyi: wakati wa masika, mlima na mawe yale, gari ya juu ina haki yake. Kama ukweni unakwenda kila wiki, chukua gari ya juu kwa moyo mweupe. Kama ni sikukuu na misiba, chagua siku kavu, na ukiwa na mzigo mwingi uende taratibu, kwa sababu wagoni ikijaa nyuma inashuka na bomba la moshi ndilo linaloanza kugusa. Jambo moja ujue pia, IST nayo si gari ya juu, mashimo yanayoikwaza Fielder yataikwaza na yenyewe.

Ushuru: IST, Probox na Fielder za cc 1500 zote zipo kundi moja la ushuru wa bidhaa, kwa hiyo umbo la wagoni halikuongezei mzigo hapo. Kinachouma ni umri. Gari ikiwa na miaka minane hadi kumi kuna nyongeza ya uchakavu ya asilimia 15, ikizidi miaka kumi asilimia 30. Kabla hujaagiza ingia kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, weka mwaka na modeli, uone jumla, kwa sababu mara nyingine gari ya mwaka wa mbele kidogo inatoka nafuu kuliko kuukuu.

Kwa familia yako mimi ningechukua Fielder ya 1NZ, ya kuendesha magurudumu mawili. Haiburi, ya petroli na umeme—kuanzia 2013 zipo—usiikimbilie hadi upate mtu wa kupima betri yake. Ukiwa yadini fanya hivi: laza siti zote za nyuma uone kama zinalala sawasawa, kaa siti ya nyuma ukiwa umeisogeza ya mbele kama unavyoendesha, kisha mpandishe mke wako na tumbo lake lile, akae, ashuke. Afanye vivyo hivyo kwenye gari ya juu iliyo jirani. Atakayeamua awe yeye.

#10 Fundi Duga

Na ukiipata, niletee Duga kabla ya kulipa salio, asubuhi injini ikiwa baridi. Usiniletee imeshachemshwa na dalali.